Je, wajua "-let" ya Kiingereza ni udogo mara mbili?

Sisi tukitaka kukipunguza kitu tunaanzia mbele ya neno: mto huwa kijito, kitabu huwa kijitabu. Waingereza wanapunguza nyuma. Book huwa booklet, pig huwa piglet, drop huwa droplet. Hiyo "-let" wameitoa wapi?

Imetoka Ufaransa, na huko haikuwa kiambishi kimoja bali viwili vilivyofuatana: "-el", chenye asili ya Kilatini "-ellus", na "-et". Kila kimoja kilitosha peke yake kuonyesha udogo. Tazama hamlet, yaani kijiji kidogo sana. Kifaransa cha kale kilikuwa na ham, makazi, neno lililorithiwa kwa Wafranki, watu wa kale wenye lugha ya Kijerumani, na lenye undugu na home ya Kiingereza. Likapunguzwa likawa hamel, likapunguzwa tena likawa hamelet. (Hamlet wa tamthilia ya Shakespeare hahusiki, jina lake linatokana na Amleth wa masimulizi ya kale ya Denmark.)

Maneno ya namna hii yalipozoeleka Uingereza, watu hawakuona tena viambishi viwili. Walisikia "-let" moja tu, wakaanza kuibandika kwenye maneno yao wenyewe, hasa kuanzia karne ya 18. Ndipo tukapata leaflet na booklet.

Linalonivutia zaidi ni vito. Bracelet, bangili, lilitoka Ufaransa likiwa limejengwa juu ya neno la mkono. Kwa kuliiga, Kiingereza kikaunda anklet, pambo la kifundo cha mguu. Hakuna anayemaanisha kifundo kidogo! Hapo "-let" imeacha udogo, imekuwa alama ya kinachovaliwa mwilini.

Lakini si kila neno linaloishia hivyo lina "-let". Toilet ni toile, kitambaa, pamoja na alama ya udogo isiyo na "l". Lilianza kama kijitambaa, likapitia meza ya kujipambia hadi kufika chooni. Na cutlet, lililotupa katlesi, halina uhusiano wa asili na cut, kukata. Ni côtelette ya Kifaransa, kijiubavu, kwa sababu kilikuwa kipande cha nyama ya mbavuni. Katlesi zetu za viazi na nyama ya kusaga hazina hata mfupa mmoja.