Dhana za basuni ninazochoka kuzisikia

"Mwalimu, ridi si nanunua tu?" Hii ndo inanichosha kuliko zote, kila muhula lazima aje mmoja nayo. Basuni ni ile ala ndefu ya mbao ya kupuliza, yenye sauti nene, na ridi ni kile kipande cha mdomoni kinachotoa sauti. Kununua nunua, mwaka wa kwanza sikukatazi. Ila unataka kukaa kwenye kiti cha orkestra na hujui kutengeneza ridi yako? Umeumia. Ridi ni mapande mawili ya tete yaliyofungwa kwa waya tatu na uzi, urefu kama sentimita 5 na nusu, na tete linalosifika linatoka Var, kusini mwa Ufaransa. Ni mmea, kwahiyo hata vipande vya bua moja havilingani. Unaloweka, unafinyanga, unafunga, unaacha ikauke siku kadhaa ndo unaanza kukwangua, na bado nyingi zinaishia kwenye pipa la taka, na hiyo iliyokubali inakupa wiki chache tu imechoka. Sasa muuzaji atajuaje mdomo wako ukoje, bokali yako ipi (ule mrija mwembamba wa chuma unaochomekwa ridi), na kwamba wiki hii mnapiga muziki mjini Denver, Marekani, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa kavu, ridi iliyoimba vizuri nyumbani huku inagoma? Hapo ni wewe na kisu chako, mazoezi yanaanza jioni.

Na kisu kiwe kikali jamani! Butu hakikwangui, kinararua nyuzi, halafu mtu analaumu tete. Kabla hujakwangua chochote toa ridi kwenye bokali uipulize peke yake, ikikoroma kwa sauti nyingi pamoja, nene na nyembamba, iache kama ilivyo. Ikitoa mlio mmoja mwembamba tu, bado ni nzito, kwangua kidogo, jaribu, kidogo tena. Mara nyingi wala si ridi, ni pumzi. Wanafunzi hawapendi kusikia hiyo.

"Basuni ni ya kuchekesha." Bale ya mtunzi Stravinsky iliyozua vurugu Paris mwaka 1913 inaanza na basuni peke yake, juu kabisa, na kwenye usaili wa orkestra ukiombwa hiyo hutacheka.

"Profesa wa basuni anaogelea kwenye hela." Kwa Marekani wengi ni walimu wa muda, chuo kinalipa kwa saa, na orkestra ndogo zinalipa kwa kila zoezi na kila onyesho, kawaida saa mbili na nusu, kwahiyo mtu anaunganisha chuo kimoja, orkestra mbili tatu, na maili nyingi za barabara kati yake. Mshahara wa kudumu upo kwenye orkestra kubwa, kiti kikiwa wazi mnagombania wengi na mnapigia nyuma ya pazia, waamuzi wasiwaone.

"Vidole vyangu vifupi." Kweli gumba la kushoto peke yake lina funguo kama 9, ila Fox, watengenezaji wa basuni, wana modeli ya Renard iliyosogezwa funguo kwa ajili ya mikono midogo. Kaijaribu kwanza ndo uje tuongee.