Pakiti haijafunguliwa? Haimaanishi waya ni mzima

Huyu mteja ni wa tatu mwaka huu. Kaingia gereji na pakiti ya karatasi ya kaki yenye nta, lebo ya taipu juu yake, kaiweka mezani taratibu kama kabeba mayai. "Fundi, hii orijino ya jeshi, haijafunguliwa toka vita." Wayaringi (fungu zima la nyaya za umeme) ya Jeep ya Willys, ile gari ya jeshi la Marekani ya vita kuu ya pili, kaagiza Marekani kwa hela ambayo stata na dainamo vyote angepata na chenji ikabaki, halafu mimi ndo wa kumpa habari mbaya.

Jamani, waya za Jeep za miaka ya 40 ni shaba iliyovikwa mpira, juu ya mpira umesukwa uzi wa pamba ukapakwa vanishi. Mpira unazeeka hata kama haujawahi kuona jua wala joto la injini, umelala tu kwenye boksi, unakauka unakuwa kama ganda la karanga. Tukaifungua pamoja, nikashika ncha moja nikaikunja kidogo tu, krr. Uzi wa nje mzima, unapendeza kabisa, ndani mpira umemeguka vipande. Hapo ndo panadanganya watu. Ukiifunga hivyo kwenye gari, barabara zetu hizi zitamalizia kazi, mpira unadondoka, shaba inagusa bodi, shoti, na gari zile ulinzi wake wa fyuzi ni mdogo kwa hiyo utaona moshi kwanza.

Na shaba yenyewe je? Mpira ule una salfa, na salfa inaila shaba. Kwangua ncha uone, kama ni nyekundu au imepakwa bati na inameta, afadhali, kama ni nyeusi utachomelea mpaka uchoke, risasi ya kuchomelea haishiki. Usiniambie umepima na mita ikalia, mita inakwambia umeme unapita tu, haikwambii ganda limepasuka wapi.

Ushauri wangu, nimeusema hadi sauti imekauka: orijino nunua vya chuma. Swichi ya taa, boksi la kuungia, makopo ya taa, geji, vibana waya, vile vibati vya namba. Waya nunua mpya, Uingereza na Marekani wapo wanaosuka pamba juu ya waya wa plastiki wa kisasa na kwa macho hutofautishi. Kondensa ya distributa (kile kikopo kidogo cha mfumo wa cheche) nayo usininunulie ya stoo ya zamani, inakufa kwenye rafu bila kufanya kazi hata siku moja. Ila wayaringi mbovu usiitupe! Ndo inayokuonyesha urefu, inachepukia wapi, waya upi mnene upi mwembamba. Pakiti ya yule bwana sasa hivi ni sampuli, basi.

Halafu hiyo "toka vita" yake. Lebo ilikuwa na namba ya spea ya tarakimu 11, mfumo ambao Wamarekani waliuanza baada ya vita kuu ya pili, kwa hiyo ilifungwa baadaye, muuzaji kapamba tu. Watu wanaamini sana namba. Hizi za NATO za siku hizi zina tarakimu 13, nne za kwanza ni kundi, 2920 umeme wa injini, 6220 taa, mbili zinazofuata ni nchi, 99 Uingereza, 00 na 01 Marekani. Inataja kitu, haitaji kiwanda. Makampuni mawili yanaweza kutengeneza chini ya namba moja. Kama unatafuta spea ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, ya mwaka fulani geuza chuma chenyewe, mara nyingi mwezi na mwaka vimegongwa pale.

Mengine ninayoambiwa ambayo si kweli, haraka haraka.

"Gari za jeshi zote volti 24." Wapi! Willys MB ni 6. Land Rover Lightweight, ile nyepesi ya jeshi la Uingereza, ya kawaida ni 12, ile ya kufungia redio ndo 24. Balbu umbo moja, soma maandishi kabla hujachomeka.

"Waya ni waya." Taa ya wati 45 kwenye volti 6 inakula ampea 7.5, kwenye 12 inakula 3.75, kwenye 24 haifiki hata 2. Volti ndogo inataka waya mnene. Sasa wewe chukua waya mwembamba wa Corolla ufunge kwenye Jeep, taa zikiwa kama kibatari unasingizia dainamo.

"Fundi wa zamani alikosea, chanya kaifunga kwenye bodi." Hajakosea. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani hivyo. Ukigeuza betri bila kuipa dainamo mwelekeo mpya utaunguza kata-auti (swichi inayounganisha dainamo na betri), usije kwangu.

Ya mwisho inaniuma. Zile waya za plagi zilizovikwa wavu wa chuma kwenye gari za jeshi za kubebea redio, watu wanasema ni za kuzuia panya. Ule wavu unazuia cheche za plagi zisipige kelele kwenye redio, na ndo spea ngumu kupata kuliko zote. Kuna mzee alizikata akaweka za kawaida. Nikamuuliza ziko wapi, akanipeleka nyuma ya nyumba, kafungia geti la mbuzi. Tatu zilikuwa bado nzima, nikampa kamba ya katani nikazichukua.