Ini la mnywaji: stori za kijiweni na ukweli wake

"Mi nakunywa bia tu, ini ni la watu wa gongo." Hapana bwana. Ini haliangalii lebo, linahesabu alkoholi, na bia moja ya mililita 500 ya asilimia 5 ina kama gramu 20, wakati toti ya mililita 25 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kama gramu 8 tu, sasa we piga hesabu ya bia sita za kila jioni.

"Mbona babu kanywa miaka 40 na yuko fiti?" Wapo kweli, afu hapo ndo hata watafiti wanakuna vichwa. Karibu wote wanaokunywa sana, kama 9 kati ya 10, ini linajaa mafuta, ila wanaofika sirosisi, yaani ini limejaa makovu na kusinyaa, ni kama 1 au 2 kati ya 10. Kuna jeni (sio jini la mganga) inaitwa PNPLA3, ukirithi aina yake flani hatari inapanda, wanawake nao ini linaumia kwa pombe kidogo kuliko ile inayomuumiza mwanaume, na ukiongeza unene au hepataitisi B juu yake ndo kabisa. Kipimo cha kukuambia kwa uhakika we uko kundi la babu au la wale wengine bado kinatafutwa. Na majibu ya damu kuwa safi sio tiketi ya kuendelea kunywa, makovu yanaweza kuwepo kimya kimya.

"Kuna dawa ya kusafisha ini." Hapa watu wanapigwa hela sana jamani. Uingereza walifanya jaribio linaitwa STOPAH, wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao ini limevimba vibaya kwa pombe, majibu yakatoka 2015: dawa ya pentoksifilini haikuokoa maisha, nyingine, prednisoloni, ilionyesha kidalili cha kusaidia mwezi wa kwanza, ila kufika siku ya 90 hakuna tofauti. Dawa za hospitali zenyewe ndo hivo, sasa ile chupa ya majani ya sokoni? Mengine yenyewe yanaua ini.

"Kajitakia, utafiti wa nini?" Hii inaniudhi kuliko zote. Hukohuko Uingereza, shirika linaitwa James Lind Alliance liliwaweka pamoja wagonjwa, ndugu zao na madaktari wachague maswali 10 ya kutafitiwa kwanza, na la kumsaidia mgonjwa aache pombe likawemo, maana kuacha ndo tiba yenyewe, hata mwenye sirosisi inamwongezea maisha. Na kuacha sio roho ngumu tu: Italia, 2007, wagonjwa 84 wa sirosisi, waliopewa baklofeni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, asilimia 71 walikaa bila pombe, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani asilimia 29.

"Si aache leo leo tu." Anayeamka na pombe kila asubuhi akikata ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa, kwa hiyo ndugu badala ya kumfungia chumbani kama tulivyozoea mpelekeni hospitali, na daktari akiuliza anakunywa kiasi gani msianze zile za "anaonjaga tu kidogo wikendi".