Uso Mwekundu na Praima ya Kijani: Inamfaa Nani?

Kila msimu wa harusi ukikaribia, maswali kuhusu praima ya kijani huwa mengi. Wanaouliza ni wanawake wanaotaka kuficha wekundu wa mashavu, lakini wengi wao wana ngozi ambayo kijani hakiifai kabisa, na baadhi yao wanahitaji daktari kabla ya mpambaji.

Praima ya kijani inaufichaje wekundu?

Praima hupakwa baada ya losheni na kabla ya faundesheni, ili mekapu ishike na vinyweleo visionekane sana. Ile ya kurekebisha rangi imetiwa rangi kidogo. Kijani na nyekundu hukaa mkabala kwenye duara la rangi, kwa hiyo zikikutana huzimana, na kinachobaki ni rangi iliyopooza ambayo faundesheni huifunika kwa urahisi. Basi. Hakuna kinachotibiwa hapo. Ukinawa usiku, wekundu unaukuta palepale.

Mimi ni mweusi. Ngozi yangu nayo huwa nyekundu?

Huwa, ila si kama ile ya kwenye matangazo. Kwa mtu mweupe mashavu huiva kama nyanya. Kwa maji ya kunde huelekea rangi ya shaba au damu ya mzee. Kwa mweusi zaidi hugeuka zambarau au kahawia iliyokolea, na wakati mwingine jicho halioni kitu, bali mwenyewe ndiye anayehisi joto, mchomo, au ngozi kuvutika baada ya kunawa. Ndiyo maana watu weusi wengi hukaa na ugonjwa wa ngozi muda mrefu bila kuambiwa wanaugua nini. Hili linaniuma, kwa sababu dawa zipo.

Jaribu hivi nyumbani. Simama dirishani mchana, chukua bilauri safi ya kioo, ubonyeze ubavu wake taratibu juu ya sehemu yenye rangi na utazame kupitia kioo. Rangi ikififia kisha ikarudi ukiachia, hiyo ni damu iliyojaa kwenye vimishipa vidogo. Huo ndio wekundu wenyewe. Ikibaki vilevile, yaelekea ni doa, labda lililoachwa na chunusi. Kwenye ngozi nyeusi sana tofauti hii ni ngumu kuiona, kwa hiyo usikilize pia ngozi inavyohisi.

Basi nichague rangi gani?

Ngozi nyeupe: kijani kilichopauka. Maji ya kunde: jaribu ya njano kwanza, maana inapooza wekundu mdogo bila kukubadilisha sura.

Kwa ngozi nyeusi, ushauri wangu ni kuiacha ya kijani dukani. Praima nyingi za kijani zina rangi nyeupe ndani yake, na nyeupe juu ya ngozi nyeusi huleta majivu. Nilikaa saluni Jumamosi moja, bibi harusi akapakwa kijani uso mzima chini ya taa ya njano. Kwenye kioo alipendeza. Alipotoka uwanjani kupigwa picha, uso ulikuwa wa kijivu na shingo ni ya kwake, ikabidi anawishwe na kuanza upya huku magari yakisubiri. Ngozi hiyo ilihitaji praima isiyo na rangi na faundesheni inayofunika vizuri, na kama kuna madoa meusi, kirekebishi cha rangi ya chungwa kwenye madoa peke yake.

Dukani niangalie nini?

Usijaribie mgongoni mwa mkono. Rangi yake si ya uso. Paka kwenye taya, toka nje juani, subiri dakika kama kumi, ndipo utazame.

Halafu geuza chupa usome. Uso unaowaka haupendi manukato, na lebo huyaandika Fragrance au Parfum. Tafuta iliyoandikwa fragrance-free, yaani haina manukato. Neno unscented (haina harufu) lisikutulize, kwani huenda imetiwa kitu cha kuficha harufu. Mentholi, kafuri na mikaratusi huleta ubaridi mtamu dakika ya kwanza, na baadaye ngozi ikawaka zaidi. Ikiwa na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi iliyotokana na zinki ni vizuri, kwa sababu jua huchochea wekundu, lakini lile tone la praima haitoshi kuwa kinga yako yote. Paka losheni ya jua kwanza.

Ukishanunua, paka kidogo sehemu ile ile ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku saba hadi kumi. Isipowasha wala kutoa vipele, ndipo ipelekwe usoni.

Naipakaje?

Punje moja ya choroko inatosha mashavu yote mawili. Gusagusa kwa kidole mahali penye wekundu tu, usisugue, kwani kusugua kwenyewe huamsha damu. Ikijivingirisha kama uchafu wa raba ya kufutia, ama hukuiacha losheni ikauke, ama moja ni ya maji na nyingine ya silikoni, nazo hazipatani.

Uso umewaka tangu niache krimu ya kung'arisha. Praima itanisaidia?

Dada yangu, hapa weka praima pembeni kwanza. Krimu nyingi za kung'arisha, na mikorogo inayochanganywa madukani, huwa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Tazama tyubu: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya hospitali, haikutengenezwa ipakwe usoni kila siku. Ikitumika miezi, ngozi hupungua unene, vimishipa vinatanuka na kuanza kuonekana, vipele vinatoka. Ukiacha, uso unalipuka: mwekundu, umevimba, unachoma hata kwa maji ya kunawa. Ukirudia krimu unatulia, na ndivyo mtu anavyonasa humo miaka. Kulipuka huko si dalili kwamba ngozi yako "imeikubali" krimu na inaidai. Ni madhara ya krimu yenyewe.

Kama umeitumia muda mrefu au mwili mzima, nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuiacha, maana steroidi nyingi huingia hadi kwenye damu. Baadhi ya bidhaa hizi zina pia zebaki, ambayo huharibu figo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, na bado vinauzwa.

Nina ualbino, uso huiva kila nikitoka.

Huko ni kuungua na jua, na kila kuungua kunaongeza hatari ya saratani ya ngozi. Usifiche kuungua huko, jikinge kwa kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu kuhusu Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Nimwone daktari lini?

Upande mmoja wa uso ukiwa mwekundu, umevimba na una joto, na wewe una homa, nenda siku hiyo hiyo. Wekundu wa mashavu na pua unaokuja na maumivu ya viungo, uchovu na nywele kukatika unaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe; mara nyingi huruka ile mikunjo ya kando ya pua. Wekundu unaozidi kwa jua, chai ya moto, pilipili au pombe, pengine na macho kuwasha kama yana mchanga, huenda ni rosasea, ugonjwa wa ngozi wa uso unaoleta wekundu wa kujirudia, na ina dawa za kupaka na za kumeza.

Siku ya kwenda kliniki usijipake chochote, hata poda. Weka kwenye mfuko kila unachopaka usoni, pamoja na kile kikopo kisicho na lebo ulichouziwa, umkabidhi daktari.