Salamu zinaishia wapi? Usonji kwa mtu anayeonekana hana shida

Hapa Tanga salamu ni safari: za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mama mguu wake unaendeleaje. Wengi wetu twajua zikome wapi, na hatukufundishwa na mtu. Mfikirie sasa karani wa miaka 28, msomi, Kiswahili chake kimenyooka, ambaye huuliza habari tatu kisha akanyamaza, kwa kuwa tangu darasa la tano alijiwekea kwamba ni tatu. Mtaani Ngamiani ataambiwa ana maringo. Sisi wa afya ya akili tunaanza kuuliza maswali.

Usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, hauna kipimo cha damu, wala picha ya ubongo haiuthibitishi. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili (DSM-5) wa mwaka 2013, uliofuta jina la Asperger, walioitwa hivyo wasiochelewa kuongea, na kuziweka aina zote chini ya jina moja la usonji, unataka mambo mawili yawepo pamoja. Kwanza, ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. Pili, angalau mawili kati ya haya manne: mienendo ya kujirudiarudia, kung'ang'ania utaratibu, kuzama mno kwenye jambo moja, na hisi zilizo kali au hafifu kupita kawaida. Dalili ziwe zimeanza utotoni, ingawa zaweza kufunikwa na mbinu alizojifunza mtu.

Kwenye kufunikwa huko ndiko tunakopotea. Mtu wa namna hii hunitazama kwenye paji la uso ili nidhani ananitazama machoni, hucheka wenzake wakicheka, na dakika 20 za chumba cha daktari huzimaliza salama. Nikimuuliza kama ana marafiki, atasema anao. Basi namuuliza nani huanza kumpigia mwenzake, na akitoka harusini hufanya nini. Akisema hujifungia gizani hadi kesho yake jioni, hapo nasogeza kiti. Wasichana ndio hutuponyoka zaidi: mpole, mtiifu, anamwiga rafiki yake kwa kila kitu, nani atamshuku?

Kisha namwita mama, au shangazi aliyemlea. Yeye hukumbuka shati lililoliliwa kwa sababu ya lebo ya shingoni, na vizibo vya soda vilivyopangwa kwa rangi wenzake wakicheza kombolela. Ripoti ya shule ya msingi, hata iliyoliwa na mende, naithamini kuliko dodoso la kwenye simu. Dodoso hudokeza tu, haliamui. Tena mengi yametungiwa Wazungu: kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wazee utamhukumuje kwa kutokutazama?

Tunapima pia uwezo wa kusikia, tunachunguza wasiwasi, sonona na tatizo la umakini, maana hufanana na usonji na mara nyingine huandamana nao. Familia zilizopitia kwa mganga sigombani nazo. Nauliza walimweleza nini, na mara nyingi maelezo yale ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Ukija, njoo na aliyekulea na daftari lolote la zamani. Na siku hiyo salamu usizifanyie mazoezi.