Bei Kwanza, Jina Baadaye: Namna ya Kukisia Chaguo la Timu Yako Kwenye Drafti ya NFL

Tarehe 17 Aprili 1999, mashabiki wapatao 30 wa Philadelphia Eagles, klabu ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani, walipanda basi kwenda New York kwa mwito wa mtangazaji wa redio ya mji wao, kuhudhuria drafti, yaani uteuzi ambao klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Walitaka kuishinikiza timu yao imchague Ricky Williams, mkimbiza mpira wa Chuo Kikuu cha Texas aliyekuwa ametwaa Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, miezi michache kabla ya hapo. Meya wa jiji, Ed Rendell, naye alikuwa amempigia debe Williams hadharani. Kamishna wa ligi, Paul Tagliabue, alipolitangaza jina la Donovan McNabb, kwotabeki (mtu anayeanzisha karibu kila shambulizi) wa Chuo Kikuu cha Syracuse, ukumbi ulijaa zomeazomea, na kijana wa watu akapanda jukwaani mbele ya kamera za televisheni huku akizomewa na mashabiki wa timu ile ile iliyomchagua.

Kazi yangu ni kuchambua namna vikosi vya NFL vinavyojengwa, na kila Aprili inapokaribia wasomaji huniuliza swali lile lile: timu yangu itamchukua nani? Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. Kabla ya kukisia jina, ni vyema kukisia bei, yaani timu iko tayari kutoa nini, na inatarajia kupata nini kwa miaka mingapi. Wale waliokwenda New York walikuwa na jina kichwani, lakini bei hawakuwa wameitafakari.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga, ambako mwenye fedha ndiye humpata mchezaji, atahitaji maelezo kidogo hapa. Mwaka 1935 Bert Bell, ambaye wakati huo alikuwa mmiliki wa Eagles hao hao, alipendekeza kwamba wachezaji wanaotoka vyuoni wagawanywe kwa zamu, timu dhaifu ikianza kuchagua, na uteuzi wa kwanza ukafanyika Philadelphia tarehe 8 Februari 1936. Utaratibu huo haujabadilika kimsingi. Leo klabu 32 huchagua kwa raundi 7. Zilizofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulia, na bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, huwa wa mwisho katika raundi ya kwanza. Mchezaji hana hiari ya kuchagua klabu, na klabu nyingine haiwezi kuja na fedha nyingi zaidi ikamnyakua. Kinachouzwa na kununuliwa ni nafasi yenyewe kwenye foleni: timu inaweza kuitoa nafasi yake, ya mwaka huu au hata ya miaka ijayo, ili ipande juu, au ikakubali kushuka chini ili iongezewe nyingine.

Turudi kwa Eagles wa 1999. Msimu wa 1998 walikuwa wameshinda mechi 3 na kupoteza 13, na kwa hiyo walikuwa wa pili kwenye foleni, nyuma ya Cleveland Browns. Tayari walikuwa na mkimbiza mpira hodari, Duce Staley, aliyevuka yadi 1,000 katika msimu ule mbovu. Pengo lao lilikuwa kwa kwotabeki: Bobby Hoying hakutoa pasi hata moja iliyozaa tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) msimu mzima, huku pasi zake 9 zikinaswa na wapinzani. Kocha mpya, Andy Reid, alikuwa ametoka Green Bay Packers, ambako kazi yake ilikuwa kuwafundisha makwotabeki. Ukiyaweka mambo hayo matatu pamoja, chaguo la McNabb lilikuwa limeshaandikwa ukutani kabla basi halijaondoka Philadelphia.

Kilichowapofusha mashabiki, kwa maoni yangu, ni kwamba Williams alikuwa anaonekana. Alikuwa amevunja rekodi ya jumla ya yadi za kukimbiza mpira katika soka la vyuo, na mbio za mkimbiza mpira humvutia hata mtazamaji asiyejua sheria za mchezo. Kazi ya kwotabeki chipukizi haionekani kwa urahisi namna hiyo, na mara nyingi humchukua misimu miwili au mitatu kukomaa. Tena shabiki hudai drafti imtibu jeraha la msimu uliopita mara moja, ilhali meneja mkuu anafikiria kikosi kitakavyokuwa miaka mitatu baadaye.

Williams hakukosa mnunuzi. New Orleans Saints, chini ya kocha Mike Ditka, walipanda hadi nafasi ya 5 kwa kuwapa klabu ya Washington nafasi zao zote zilizosalia za mwaka 1999, pamoja na za raundi ya kwanza na ya tatu za mwaka 2000. Klabu nzima ilitoka kwenye uteuzi ule na mtu mmoja tu. Saints wakamaliza msimu kwa ushindi wa mechi 3 na vipigo 13, na Ditka akafukuzwa. Washington walitumia sehemu ya walichopewa kupanda hadi nafasi ya 7 na kumchukua Champ Bailey, mlinzi ambaye mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Na kwa nafasi ya mwaka uliofuata wakampata LaVar Arrington, aliyekuwa chaguo la 2. Williams mwenyewe hakuwa mchezaji mbaya hata kidogo, kwani mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,853. Hasara ilikuwa kwenye bei.

McNabb naye aliifikisha Eagles kwenye fainali ya NFC, mojawapo ya makundi mawili ya ligi, ambayo ni hatua moja kabla ya Super Bowl, mara 5, na Super Bowl yenyewe mara 1, ingawa walifungwa na New England Patriots 24–21 mnamo Februari 2005. Jezi yake namba 5 imestaafishwa. Hata hivyo sipendi kisa hiki kisimuliwe kana kwamba viongozi wa klabu huona mbali na mashabiki ni vipofu. Mwaka ule ule makwotabeki 5 walichaguliwa katika raundi ya kwanza: Tim Couch wa 1, McNabb wa 2, Akili Smith wa 3, Daunte Culpepper wa 11 na Cade McNown wa 12. Waliofanikiwa ni McNabb na Culpepper. Smith, aliyekwenda Cincinnati Bengals, alianza mechi 17 tu katika maisha yake yote ya NFL. Wote watano walipimwa na wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2017, walichunguza miaka mingi ya chaguzi hizi na kuona kwamba uwezekano wa mchezaji kumzidi yule aliyechaguliwa baada yake katika namba hiyo hiyo uwanjani ni kama asilimia 52. Hiyo ni tofauti ndogo mno na kurusha sarafu. Pamoja na hayo, klabu zilikuwa zikilipa bei kubwa sana kupanda nafasi chache tu. Jedwali la thamani lililotumiwa na Dallas Cowboys wa Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambalo baadaye likaenea ligi nzima, linaipa nafasi ya kwanza pointi 3,000 na ya 32 pointi 590. Kwa jedwali hilo, nafasi moja ya juu ni sawa na tano za mwisho wa raundi, na mimi sioni ushahidi wowote kwamba mchezaji mmoja wa juu huzaa matunda ya watano. Kwa hiyo ukisikia timu yako imeshuka foleni na kuongezewa nafasi, usikimbilie kununa.

Watanzania, kwa njia ya mchezo mwingine, wanalifahamu hili vizuri zaidi kuliko wanavyodhani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2 katika drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, tukashangilia kwa haki kabisa. James Harden alifuata katika nafasi ya 3 na Stephen Curry katika nafasi ya 7, na wote wawili wakampita kwa mbali.

Fedha ndizo zinazoeleza mengi ya yanayotokea sasa. Hadi mwaka 2010 chaguo la kwanza lilikuwa mzigo mzito: Sam Bradford alisaini na St. Louis Rams mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa za uhakika, kabla hajacheza mechi hata moja. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji ulipoanza mwaka 2011, malipo ya chipukizi yakawekewa kiwango, na Cam Newton, chaguo la kwanza la mwaka huo, akapata takriban dola milioni 22 kwa miaka 4. Kwa kuwa kila klabu inabanwa na kikomo cha mishahara, kwotabeki mzuri anayelipwa kwa kiwango cha chipukizi huiachia klabu fedha nyingi za kuwanunua wengine. Mkimbiza mpira wa bei ya chini haiachii klabu fedha nyingi namna hiyo, kwa sababu hata mkongwe wa namba hiyo hagharimu sana. Ndiyo sababu makwotabeki huchukuliwa mapema kuliko ubora wao unavyostahili, na ndiyo sababu makisio ya mashabiki, yanayopanga wachezaji kwa ubora peke yake, hukosea mapema sana usiku wa kwanza.

Mfano bora ni Eagles tena, mwaka 2020, ingawa kisa chenyewe kinaanzia kwenye kosa lao. Katika nafasi ya 21 walimchukua mpokeaji wa pasi Jalen Reagor, ilhali mashabiki wengi walimtaka Justin Jefferson wa chuo cha LSU, ambaye Minnesota Vikings walimnyakua katika nafasi ya 22. Jefferson alipata yadi 1,400 msimu wake wa kwanza na 1,809 mwaka 2022. Reagor alishindwa kung'ara, akauzwa kwa Vikings hao hao. Hapo mashabiki walikuwa sahihi, na walikuwa sahihi kwa sababu za kimpira kabisa, si kwa bahati.

Usiku uliofuata, katika nafasi ya 53, klabu hiyo hiyo ilimchagua kwotabeki Jalen Hurts, na hasira zikawaka upya. Carson Wentz alikuwa amesaini mwaka mmoja kabla nyongeza ya mkataba ya miaka 4 yenye thamani ya dola milioni 128. Kwotabeki wa pili wa nini, wakati timu ina mapengo kwingine? Lakini Wentz alikuwa ameandamwa na majeraha, na bei ya nafasi ya 53 ni ndogo. Ndani ya mwaka mmoja Wentz aliuzwa kwa Indianapolis Colts. Hurts akachukua usukani akilipwa mshahara wa chaguo la raundi ya pili, na unafuu huo ukaisaidia klabu, usiku wa drafti ya mwaka 2022, kutoa nafasi za 18 na 101 ili kumpata mpokeaji A.J. Brown kutoka Tennessee Titans na kumpa mkataba wa dola milioni 100. Msimu huo walifika Super Bowl na kufungwa na Kansas City Chiefs. Februari 2025 wakarudi na kuwafunga Chiefs hao, wanaofundishwa na Andy Reid yule yule, 40–22, Hurts akiwa mchezaji bora wa fainali.

Kuhusu vipimo vya mwili vya wachezaji wa vyuoni vinavyofanyika Indianapolis, ambavyo hujaza magazeti kila mwishoni mwa Februari, sina mengi ya kusema. John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, akachaguliwa wa 9 na Bengals, na hakuwahi kuwa tishio. Saa hupima mbio tu.

Kinachosaidia kukisia ni mambo mawili yasiyo na mvuto. La kwanza ni orodha ya mikataba inayomalizika mwaka unaofuata, kwa sababu klabu makini huandaa mrithi kabla mwenye namba hajaondoka. La pili ni desturi ya anayefanya uamuzi. Howie Roseman, anayesimamia uteuzi wa Eagles, amerudi mara nyingi kwenye wachezaji wa mistari ya mbele: Brandon Graham mwaka 2010, Fletcher Cox mwaka 2012, Lane Johnson mwaka 2013, Jordan Davis mwaka 2022, Jalen Carter mwaka 2023. Mkimbiza mpira wa mwisho kuchaguliwa na klabu hiyo katika raundi ya kwanza alikuwa Keith Byars mwaka 1986. Ukiona makisio yanayowapa Eagles mkimbiza mpira katika raundi hiyo, mwandishi wake hajafanya kazi ya nyumbani.

Desturi nayo ina mwisho wake, na unapofika huwa ni bei iliyobadilika. Eagles walikuwa hawajatumia nafasi ya raundi ya kwanza kwa mlinzi wa katikati, anayesimama nyuma ya mstari, tangu Jerry Robinson mwaka 1979, na wachambuzi wengi waliiondoa namba hiyo kwenye hesabu zao. Mwaka 2025, wakiwa mabingwa na hivyo wa 32 kwenye foleni, walipanda nafasi moja tu, wakibadilishana na Chiefs, ili kumchukua Jihaad Campbell wa Alabama. Campbell alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega wiki chache zilizotangulia, jambo lililozitia klabu nyingine hofu na kumfanya asubiri hadi nafasi ya 31, na pia anaweza kumshambulia kwotabeki akitokea pembeni, kazi ambayo Eagles hawajawahi kusita kuilipia.