Sheria za Wizi Majimboni Zikikazwa, Asiye Raia Ajihadhari na Neno "Nakiri"

Mapendekezo ya kukaza sheria za wizi katika majimbo ya Marekani yameleta maswali mengi katika ofisi yetu ya msaada wa kisheria, hasa kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili ambao bado si raia. Kila jimbo lina kiwango chake cha thamani ya mali iliyoibwa kinachotenganisha kosa dogo na kosa kubwa: New Jersey ni dola 200, California 950, Texas 2,500.

Tutazame California, ambako mabadiliko yamekwisha kupita. Pendekezo la 47 la mwaka 2014, yaani sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, liliufanya wizi wa dukani usiozidi dola 950 kuwa kosa dogo, lenye kifungo kisichozidi miezi sita. Tuelewane hapa: kosa dogo ni kosa, na porojo kwamba chini ya 950 ni ruhusa haikuwahi kuwa kweli hata siku moja. Novemba 2024 wapigakura walipitisha Pendekezo la 36, ambalo linamwezesha mwendesha mashtaka kumfungulia shitaka la kosa kubwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa wizi mara mbili, hata kama safari hii amechukua mche wa sabuni, na kifungo kinaweza kufika miaka mitatu. Vilevile thamani hujumlishwa: koti la dola 600 mwezi Machi na viatu vya 400 mwezi Juni vinaweza kuwa shitaka moja la dola 1,000.

Kwa asiye raia, hatari kubwa iko kwenye sheria ya shirikisho, yaani ile ya nchi nzima. Hukumu ya wizi yenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, hata kikiahirishwa, inaweza kumfukuzisha nchini mwenye ukaazi wa kudumu. Wengi hutujia wakiwa wamekwisha kukiri kosa ili warudi kazini mapema, wakiamini kwamba jimbo likifuta faili mambo yamekwisha. Kwa kawaida idara ya uhamiaji huendelea kuihesabu hukumu hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu shitaka, mwambie wakili wako kwamba wewe si raia. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua shauri la Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kukueleza athari za kukiri kosa kwa ukaazi wako. Omba mkalimani, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo, useme hivyo mapema, maana mara nyingi karani huandika "Kiswahili" tu na kuendelea na faili linalofuata.